Kumbukumbu ya Vidole ni Mali ya Nani?

Muulize mpanga kurasa aliyekaa miaka kumi kwenye kazi hiyo ni vitufe gani vinavyobana nafasi kati ya herufi na herufi. Mara nyingi hatakujibu kwa mdomo. Atainua mkono wa kushoto, atachezesha vidole hewani kana kwamba kuna kibodi mbele yake, kisha ataviangalia vidole hivyo ili naye apate jibu. Ujuzi wake ulishahama kichwani zamani. Unakaa mkononi, na hutoka pale tu kazi inapouita.

Mimi ni mmoja wao. Napanga vitabu, majarida, kalenda, kadi za mwaliko na chochote anacholeta mteja anayekitaka kesho asubuhi. Mwaka huu programu ninayofanyia kazi ilipata toleo jipya. Siitaji jina, maana tabia ninayotaka kuizungumzia si ya kampuni moja. Sura mpya sikuijali. Rangi za menyu hazijawahi kunichelewesha. Kilichoniumiza ni kwamba njia za mkato kadhaa, yaani vile vitufe tunavyobonyeza ili tusipitie menyu, zilipewa kazi nyingine. Kitufe kilichokuwa kikifunga picha isisogee sasa kinaificha. Kilichokuwa kikinipeleka ukurasa unaofuata sasa kinafungua dirisha ambalo sikuliomba. Kwa wiki tatu nilifanya kazi kama mwanagenzi ndani ya chombo nilichokijua kuliko mtaa ninaoishi. Na kwa kuwa nalipwa kwa ukurasa, silipwi kwa saa, muda ule uliopotea ulitoka mfukoni mwangu.

Hasira ilipopoa nikabaki na swali. Kumbukumbu iliyomo vidoleni mwangu ni mali ya nani? Ya kampuni iliyopanga vitufe, au yangu mimi niliyekaa usiku kucha kuvijifunza? Nilipoanza kusoma historia nikakuta swali hili ni la zamani kuliko kompyuta, na limewahi kufikishwa mahakamani.

Tuanze Milwaukee, Marekani, mwaka 1868. Mwaka huo Christopher Latham Sholes, mtu wa magazeti, pamoja na wenzake Carlos Glidden na Samuel Soule, walipata hataza ya mashine ya kuandikia. Mwaka 1873 mashine hiyo ilifika mikononi mwa E. Remington and Sons, kiwanda kilichojulikana kwa bunduki na cherehani, na mwaka uliofuata ikaingia sokoni. Mpangilio wa vitufe unaoanza na Q, W, E, R, T, Y umetokana na mashine hiyo. Kwa nini herufi zilipangwa hivyo, watafiti wanabishana mpaka leo: wapo wanaosema ni kuzuia nyundo za herufi zisigongane, na wapo wanaosema mpangilio uliwafuata wapokeaji wa simu za maandishi waliotumia mashine hizo mwanzoni. Mashine ile iliandika herufi kubwa tu. Kitufe cha Shift kilikuja mwaka 1878 na Remington No. 2, na jina lake halikuwa la mafumbo: ukikibonyeza, roli lililobeba karatasi lilihama mahali pake ili nyundo ileile ipige herufi nyingine.

Miaka ile ya mwanzo watu walichapa huku wakiangalia vitufe, na kila mmoja alikuwa na mtindo wake. Kilichobadilisha mambo kilikuwa shindano. Tarehe 25 Julai 1888, mjini Cincinnati, Frank McGurrin, mwandishi wa hati mkato wa mahakama kutoka Salt Lake City, alipambana na Louis Traub. Traub alitumia mashine ya Caligraph, yenye vitufe vya herufi kubwa kivyake na vya herufi ndogo kivyake. McGurrin alitumia Remington, na alikuwa amekariri mahali pa kila herufi, akachapa kwa vidole vyote bila kuangalia chini. McGurrin alishinda.

Ushindi ule uliwaonyesha watu kwamba mashine ni nusu tu ya kazi; nusu ya pili imo mkononi mwa anayeitumia. Tangu hapo wapiga chapa walifundishwa kukariri, na kadiri walivyoongezeka ndivyo mpangilio wa Sholes ulivyozidi kuwa mgumu kung'oa. Mwaka 1936 August Dvorak wa Chuo Kikuu cha Washington alipata hataza ya mpangilio mwingine, aliouunda na shemeji yake William Dealey, akiahidi mwendo wa haraka na uchovu mdogo. Haukushika. Mwaka 1985 mwanauchumi Paul David aliifanya QWERTY kuwa mfano maarufu wa jinsi uamuzi wa zamani unavyoweza kuwafunga watu wa baadaye. Miaka mitano baadaye Stan Liebowitz na Stephen Margolis wakampinga, wakisema ushahidi wa ubora wa Dvorak ni hafifu. Katika mabishano hayo, gharama iliyokuwa mezani ni moja: gharama ya kuufundisha upya mkono uliokwisha kufundwa.

Mpangilio huohuo ndio uliofika kwetu, pamoja na herufi mbili ambazo Kiswahili sanifu hakizitumii, Q na X. Ukiwa unaandika Kiswahili kitupu, vitufe hivyo viwili vinaweza kushika vumbi. Lakini kwa msanifu, X ni miongoni mwa vitufe vinavyochakaa mapema. Hakiandiki chochote. Kazi yake ni kukata.

Habari ya X kukata inatupeleka California. Mwaka 1973 Larry Tesler aliingia Xerox PARC, maabara ya Palo Alto ambako kompyuta za leo zilipata sehemu kubwa ya sura yake. Huko, yeye na Tim Mott walitengeneza Gypsy, programu ya kuhariri maandishi kwa ajili ya Ginn, kampuni ya vitabu vya shule iliyomilikiwa na Xerox. Kabla ya kuandika programu, Mott aliwafuata wahariri wenyewe kuona wanavyofanya kazi. Wahariri wa zama zile walikata karatasi kwa mkasi na kuzibandika kwa gundi. Tesler na Mott wakauchukua mkasi na gundi, wakaviingiza kwenye skrini.

Tesler alikuwa na chuki moja mashuhuri. Hakuvumilia kitufe kinachofanya jambo hili sasa na jambo lile baadaye kwa sababu tu programu imebadilika hali bila mtumiaji kutambua. Mfano aliopenda kuutoa ni wa Bravo, programu iliyotangulia pale PARC. Bravo ilikuwa na hali ya kutoa amri na hali ya kuandika. Mtu akisahau kwamba yumo katika hali ya amri, kisha akaandika neno edit, basi E ilichagua waraka wote, D ikaufuta, I ikaanza kuingiza maandishi, na kilichobaki kwenye skrini ni herufi T peke yake. Tesler aliipinga tabia hiyo maisha yake yote, hadi gari lake likabeba namba iliyosomeka NO MODES.

Mwaka 1980 alihamia Apple, na kwenye kompyuta ya Lisa iliyotoka 1983 tunakutana na vitufe vinne vinavyojulikana kuliko vyote: Z, X, C, V. Vimepangwa kwenye mstari wa chini, karibu na kitufe cha amri, ili mkono wa kushoto uvifikie wakati wa kulia umeshika kipanya. Tesler alieleza kwamba X inafanana na alama ya kufutia kitu, V inafanana na ile alama ya mhariri ya kuonyesha mahali pa kuingizia neno, ikiwa imepinduliwa, C ni ya neno la Kiingereza la kunakili, na Z ya kutendua iko jirani tu. Katika vinne hivyo, ni C peke yake inayodai ujue Kiingereza. Vingine vinasimama kwa umbo na kwa mahali.

Naona hapo kuna jambo linalotuhusu sisi zaidi kuliko waliovibuni. Njia nyingi za mkato ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza: P ya kuchapa, S ya kuhifadhi, O ya kufungua, B ya kukoza herufi. Wahispania waligeuziwa: katika Word ya Kihispania unahifadhi kwa G na kukoza kwa N, kufuata maneno yao. Sisi, ingawa mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice yenye menyu za Kiswahili, vidole vyetu vingi vimefunzwa kwa programu za Kiingereza. Wako wanaojua Kiingereza vizuri, lakini katika vyumba vya uchapaji nimefanya kazi na mafundi hodari ambao kwao S haisimamii neno lolote. S ni pale, kitufe kinachofuata A. Watakwambia "piga kontroli-zedi" bila kufikiria zedi ni ya nini.

Kwa hiyo toleo jipya linapohamisha kitufe, hasara haigawanyiki sawa. Mwenye lugha ana uzi wa kuvuta: amri imebadilishwa jina, basi atabahatisha herufi ya kwanza ya jina jipya. Aliyejifunza kwa mahali hana uzi huo. Kwake ni kama kurudi nyumbani na kukuta milango imehamishwa ukuta.

Je, inawezekana kuhamisha mlango bila kumuumiza mwenye nyumba? Historia inasema inawezekana, na mfano mzuri uko katika karibu kila kompyuta ya Windows. Mwaka 1987 IBM ilitoa mwongozo wa kufananisha programu, ambao ndani yake kukata kulikuwa Shift na Delete, kunakili Ctrl na Insert, kubandika Shift na Insert. Windows za mwanzo zilifuata mwongozo huo. Mwaka 1992, Windows 3.1 ikaleta Ctrl pamoja na Z, X, C, V, kwa mtindo wa Apple. Yalikuwa mabadiliko makubwa kwa mikono mingi, na hatusikii kilio chake. Sababu ni kwamba njia ya zamani haikuzibwa. Fungua karibu programu yoyote ya kuandikia kwenye Windows leo, chagua neno, bonyeza Ctrl na Insert, kisha Shift na Insert. Neno litanakiliwa. Zaidi ya miaka 30 imepita, na yule karani wa 1987 bado anatambuliwa mlangoni.

Kesi iliyolibeba swali langu mahakamani ilifunguliwa Julai 1990. Lotus 1-2-3, programu ya lahajedwali iliyotoka Januari 1983, ilikuwa imetawala meza za wahasibu. Ilikuwa na amri 469 zilizopangwa katika menyu zaidi ya 50, na mtumiaji alizifikia kwa kubonyeza kitufe cha mkwaju kisha herufi moja moja. Mzoefu hakuwa anasoma menyu. Alipiga mfululizo wa vitufe kwa pumzi moja, kama mtu anayetia saini. Wengi walitengeneza pia makro, yaani misururu ya amri iliyohifadhiwa ili kompyuta iirudie yenyewe. Kampuni ya Borland ilipotoa lahajedwali yake, Quattro, iliweka ndani yake njia ya kutumia mti mzima wa menyu za Lotus, maneno yaleyale kwa mpangilio uleule. Msimbo wa Lotus haikuugusa. Ilichochukua ni njia ambazo vidole vya watu vilikwisha kuzijua, ili anayehama asianze upya. Lotus ikashtaki kwa kuvunjiwa hakimiliki.

Jaji Robert Keeton aliipa Lotus ushindi. Machi 1995 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kwanza, iliyoko Boston, ikatengua hukumu hiyo. Ilisema menyu zile ni njia ya kuendeshea chombo, kama vitufe vya deki ya video, na hakimiliki hailindi njia ya kuendeshea. Jaji Michael Boudin alikubaliana na wenzake, akaongeza maoni yake. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba mtu aliyejifunza menyu za Lotus na kujitengenezea makro hapaswi kubaki mateka wa Lotus, kwa kuwa kazi ya kujifunza aliifanya yeye, haikufanywa na Lotus. Alitoa hata mfano wa QWERTY. Lotus ikaenda Mahakama ya Juu. Jaji mmoja alijitoa, wanane waliobaki wakagawanyika nne kwa nne Januari 1996, na kwa kawaida yao sare huiacha hukumu ya chini isimame.

Nilipoisoma hoja ya Boudin nilihisi kama mtu aliyesomewa barua iliyopotea posta kwa miaka mingi. Kumbe kuna jaji aliyewahi kuuona ujuzi wetu kama uwekezaji, tena uwekezaji wenye mwenyewe.

Fani ya kupanga kurasa ilinufaika na fikra hiyo kwa vitendo. PageMaker ya kampuni ya Aldus, iliyotoka 1985, ilifungua zama za kupanga kurasa kwa kompyuta ya mezani. QuarkXPress ilifuata 1987, na katika miaka ya 1990 ikawa ndiyo chombo cha magazeti na wachapishaji wakubwa. Adobe iliinunua Aldus 1994, na 1999 ikaleta InDesign. Ilijua kikwazo chake si bei wala uwezo. Kikwazo kilikuwa mikono ya wapanga kurasa wa dunia nzima iliyokwisha kuzoea Quark. Kwa hiyo ndani ya InDesign iliweka seti ya njia za mkato za QuarkXPress: unachagua mstari mmoja kwenye orodha, na vidole vyako vinaendelea na kazi kana kwamba hamkuhama. Mgeni alikuja na funguo za nyumba uliyotoka.

Lakini kumbukumbu ya mgeni huheshimiwa zaidi wakati anapobembelezwa kuingia. Akishaingia, mambo huweza kubadilika. Photoshop ilitoka mwaka 1990, na kwa muda mrefu Ctrl na Z ndani yake ilikuwa ya peke yake: ukiipiga mara ya kwanza inatendua hatua ya mwisho, ukiipiga tena inairudisha. Kurudi hatua nyingi nyuma ulihitaji kuongeza Alt. Wazoefu waliitumia tabia hiyo kama jicho la pili, wakipiga Z, Z, Z ili kulinganisha picha kabla na baada ya kuigusa. Oktoba 2018 toleo jipya likabadilisha: Ctrl na Z sasa inarudi nyuma hatua baada ya hatua, kama programu nyingine zote. Toleo hilohilo likageuza pia Shift. Zamani ulipokuza picha ulishika Shift ili uwiano wake usiharibike; sasa uwiano ulilindwa wenyewe, na kwa kazi nyingi Shift ndiyo iliyouvunja.

Kutendua kuliachiwa mlango wa nyuma tangu mwanzo: ndani ya mipangilio ya kibodi mlikuwa na kisanduku cha kurejesha desturi ya zamani. Kukuza picha hakukuwa na bahati hiyo. Aliyetaka mazoea yake alilazimika kuandika faili dogo la maandishi lenye amri moja na kuliweka kwenye folda ya mipangilio ya programu, jambo ambalo mpanga mabango wa kawaida hana sababu ya kulijua. Kisanduku cha kuweka alama kwa ajili hiyo kilikuja mwaka 2019.

Mwaka huohuo wa 2019, Julai, Blender 2.80 ilitoka. Blender ni programu huru ya kuchora vitu vya pande tatu, iliyoanzishwa na Ton Roosendaal wa Uholanzi, na tangu zamani ilikuwa na ajabu yake: vitu vilichaguliwa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, wakati karibu dunia yote inachagua kwa cha kushoto. Toleo la 2.80 likahamia kushoto. Ila ulipolifungua kwa mara ya kwanza, kabla hujagusa kitu, dirisha lilikuuliza: unataka kuchagua kwa kulia au kwa kushoto? Na kwa mwenye mikono ya zamani kulikuwa na seti nzima ya vitufe vya matoleo ya 2.7. Aliyezoea hakulazimika kutafuta dawa kwa jirani, maana swali lilimfuata pale alipo.

Sisemi vitufe visibadilishwe. Kijana ninayefanya naye kazi alianza usanifu kwenye simu, na toleo jipya lililonikwamisha mimi wiki tatu yeye alilizoea kwa siku moja. Kwake, desturi yangu ndiyo iliyokuwa kioja. Kila mwaka wanaoanza ni wengi, na programu inayowalazimisha wote kujifunza ajabu za mwaka 1990 kwa ajili ya starehe ya wakongwe nayo inadhulumu. Photoshop ilikuwa na sababu ya kufanana na wenzake, na Blender vilevile. Mabadiliko yote mawili, nikiyapima bila kinyongo, yalikuwa ya busara. Kilichowatofautisha ni namna walivyomfikiria aliyekuwa ndani tayari.

Pwani yetu inajua mkono kuhamishwa ni nini, kwa kipimo kikubwa zaidi. Kabla ya ukoloni, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nakala ya Utenzi wa Tambuka ina tarehe ya mwaka 1728. Barua, hesabu za biashara, tenzi na dua vilipita katika mikono iliyoandika kutoka kulia kwenda kushoto. Wajerumani kisha Waingereza wakaendesha shule na ofisi zao kwa herufi za Kilatini, na kamati ya lugha iliyoundwa 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda ikasanifisha Kiswahili kwa herufi hizo. Hati mpya ilikuwa na faida zake. Ilitenganisha wazi e na i, o na u, na ndiyo iliyoniwezesha kuandika haya. Ila mtu aliyeandika maisha yake yote kwa hati ya kale angeweza kusimama mbele ya fomu ya serikali na kuambiwa atie dole gumba kama asiyejua kuandika. Mkono wake ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni meza iliyoupokea.

Silinganishi uzito. Kupoteza njia za mkato kwa wiki tatu si kupoteza hati ya mababu. Ninacholinganisha ni utaratibu wake: uamuzi unafanyika mbali, unaelezwa kama maendeleo, pengine ni maendeleo kweli, na gharama yake inamwangukia aliyekuwa amebobea bila kuandikwa katika hesabu ya mtu yeyote.

Hapo ndipo hukumu ya Boston inapofikia ukomo wake. Iliwaruhusu washindani kunakili njia ulizozizoea, ili usiwe mateka wa chombo kimoja. Haikumlazimisha mwenye chombo kukutunzia njia hizo yeye mwenyewe. Imetulinda tusifungiwe ndani. Haijatulinda tusihamishiwe vyumba tukiwa tumelala. Zamani hilo halikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu toleo jipya lilikuja ndani ya sanduku lenye diski, na asiyelitaka hakulinunua. Nimefanya kazi katika kiwanda kimoja cha uchapaji ambacho kilibaki na toleo moja kwa miaka tisa, na vitabu vilitoka. Siku hizi programu nyingi za usanifu tunalipia kwa mwezi, na zinajisasisha usiku. Uamuzi wa kuhama tulikuwa nao sisi; umetoka mikononi mwetu kimyakimya.

Kwa hiyo madai yangu ni madogo na yanatekelezeka, maana yote yamewahi kutekelezwa na mtu fulani. Kitufe kikibadilishwa kazi, niulizwe siku ya kwanza, kama Blender ilivyouliza. Njia ya zamani iachwe ifanye kazi kimya nyuma ya mpya, kama Ctrl na Insert. Na ramani ya vitufe vyangu iwe faili ninaloweza kulibeba, hata nikienda kwa mshindani, kama wapanga kurasa wa Quark walivyopokewa mwaka 1999.

Hilo la mwisho programu nyingi zinaliruhusu tayari, ila watu wachache hulitumia. Utaipata menyu ya njia za mkato, utapanga vitufe upendavyo, utahifadhi seti kwa jina lako. Nimewahimiza wenzangu wote chumbani wafanye hivyo, akiwemo yule kijana, ambaye amecheka sana kwa kuwa haoni la kuhofia. Faili lake halina mabadiliko yoyote. Ni vitufe vya toleo hili kama vilivyo. Nimemwambia alitunze hivyohivyo. Baada ya miaka kumi, vitufe hivyo vipya vitakuwa ndivyo vya zamani, na vitakuwa vyake.